DO tano zilizogeuka moja: kisa cha data ya chai Shimanzi

## Usuli

Kisa hiki kinahusu makampuni matatu ya Mombasa yanayoshughulika na chai ya kuuzwa nje. Nitayaita Ghala, Dalali na Msafirishaji. Majina na tarehe nimebadilisha, na namba za hati pia, ila namba nilizoweka hapa zina tabia ile ile ya zile halisi. Mwenye kompyuta anaweza kujijaribia mwenyewe.

Chai ya viwanda vya Kenya, pamoja na ya majirani kama Uganda na Rwanda, hushuka mpaka Mombasa, ikalazwa kwenye maghala ya Shimanzi, Changamwe na kwingineko, kisha ikauzwa mnadani kwa mafungu. Mnunuzi akishalipa, hutolewa hati ya kutolea mzigo, ambayo kila mtu Shimanzi huiita DO, kifupi cha "delivery order". Bila DO hakuna mfuko unaovuka mlango wa ghala. Kwa hawa watatu utaratibu ulikuwa hivi: Dalali anathibitisha malipo, mfumo wa Ghala unaipa DO namba, taarifa inarudi kwa Dalali, naye anampasha Msafirishaji alete lori. Kontena likishajazwa linaelekea Kilindini. Anayechelewa hulipa, kwa sababu ghala linatoza ada ya kulaza na meli ina saa yake ya mwisho ya kupokea kontena.

Kwa miaka mingi taarifa hizi zilipitia lahajedwali za kutumiana kwa barua pepe, ujumbe wa simu, na karatasi yenye muhuri. Wakaamua kuunganisha mifumo. Mfumo wa Ghala uliandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP, wa Dalali kwa nyingine iitwayo JavaScript, na Msafirishaji alikuwa na programu ya simu kwa madereva na lahajedwali kwa ofisi. Makubaliano yao ya kiufundi yalitosha kwenye ukurasa mmoja: data itatumwa kwa JSON, mtindo wa kuandika data kama maandishi yenye majina na thamani zake, na vipengele vitakuwa hivi na hivi. Wote waliridhika. JSON ni kiwango kinachojulikana dunia nzima, kila lugha ina kisomaji chake, na hakuna aliyeona la kujadili zaidi.

## Mambo yalivyotukia

Majaribio yalifanywa kwa DO za kubuni zenye namba kama 1001 na 1002. Kila kitu kikapita. Mfumo ukawashwa, na karatasi zikaendelea kutumika sambamba nao, jambo ambalo baadaye lilikuja kuokoa mzigo.

Namba halisi ya DO ilikuwa na tarakimu 17: nane za tarehe, tatu za ghala, mbili za dalali, nne za mfululizo. Mfano ni 20230418014060343. Wiki za mwanzo makarani waliona mara mojamoja kwamba tarakimu ya mwisho kwenye skrini ya Dalali haifanani na ya kwenye karatasi. Wakadhani ni vidole vya mtu. Wakasahihisha kwa kalamu, kazi ikaendelea.

Kisa chenyewe kilitokea siku moja ya pilikapilika baada ya mnada, Dalali alipotolewa DO tano mfululizo, zinazoishia 0342 mpaka 0346. Ghala likatuma zote tano. Kwa Dalali ikaonekana moja tu, inayoishia 0344, ikiwa na fungu na uzito wa ile ya 0346. Msafirishaji, anayepata habari zake kwa Dalali, akaleta lori moja.

Karani mkuu wa Ghala, mzee aliyeanza kazi enzi za daftari, akampigia simu fundi wa Dalali.

"Mwanangu, mimi hapa mkononi nina DO tano. Nyinyi mwanionyesha moja. Hizi nne nimpe nani?"

"Mzee, kwetu imefika moja. Labda huko kwenu hazikutumwa."

"Zimetumwa. Na hiyo moja yenyewe, dereva wako ana 0344 kwenye simu, lakini 0344 yangu ni ya mnunuzi mwingine. Kilo zake 2640. Yake yasema 2508. Hebu niambie, mwanangu, nipakie ipi?"

Hakupakia. Angeifuata namba peke yake, chai ya mtu ingeingia kwenye kontena la mtu mwingine, na kosa kama hilo hugunduliwa likiwa limeshafika ng'ambo. Lori lilikaa uani mpaka magharibi huku ofisi mbili zikilaumiana. Sehemu ya mzigo ilikosa meli ya wiki hiyo, ikasubiri nyingine. Niliitwa kesho yake nitafute chanzo.

## Tatizo lilikuwa wapi

Jambo la kwanza nililoomba ni faili ghafi, zile baiti zenyewe zilizotoka Ghala kabla ya programu yoyote kuzisoma. DO tano zilikuwamo, namba zote sahihi. Nikaangalia hifadhidata ya Dalali: namba zilikuwa zimeshaharibika. Basi uharibifu ulikuwa kwenye kusoma.

Kwenye JavaScript namba ya kawaida huhifadhiwa kwa biti 64 kwa mtindo wa desimali inayoelea. Mtindo huo hushika namba kamili bila kupoteza kitu mpaka 9007199254740991, yenye tarakimu 16. Ukipita hapo unaanza kuruka. Kwenye eneo lilimo namba yetu ya tarakimu 17, unaruka kwa nne nne: kuna 20230418014060340, halafu 344, halafu 348, na katikati hapana kitu. Kisomaji kikikuta namba isiyokuwepo, huichukua iliyo jirani. Kwa hiyo 342, 343, 344, 345 na 346 zote hutua kwenye 344. Zinazofuata, 347 mpaka 349, hutua kwenye 348. Na kwa kuwa mfumo wa Dalali uliagizwa kwamba DO ikija na namba iliyopo isahihishe kumbukumbu ya zamani, kila hati iliyofika ilifuta iliyotangulia. Hakuna onyo lililotoka, maana kwa macho ya programu hakukuwa na kosa.

Sasa nani alivunja kiwango? Hakuna. RFC 8259, waraka wa kiwango wa Desemba 2017 unaoeleza JSON, inaruhusu namba iwe na tarakimu nyingi upendavyo. Inamruhusu msomaji kuweka mipaka yake mwenyewe. Inatahadharisha kwamba namba kamili zinazozidi mpaka ule wa tarakimu 16 zinaweza zisieleweke sawa kila mahali, lakini tahadhari si katazo. ECMA-404, kiwango kingine cha JSON cha 2013, kinashughulika na sintaksia tu, yaani jinsi herufi zinavyopangwa. Ghala liliandika JSON halali, Dalali akasoma JSON halali, na kila mmoja angeweza kuapa kwa kiwango kile kile kwamba mwenzake ndiye mkosa.

Tulipoanza kuchimba, mengine yakafuata. Fungu likipimwa upya, mfumo wa Ghala uliongeza kipengele cha "uzito" mara ya pili ndani ya hati ile ile. RFC inashauri majina yasirudiwe, na inakiri kwamba yakirudiwa tabia ya programu haitabiriki. Kwa Dalali lilichukuliwa la mwisho, na programu ya simu ya dereva, ikipewa faili ile ile ghafi, huchukua la kwanza.

Kulikuwa pia na suala la mpangilio. Ghala liliandika mafungu kama kitu kimoja chenye majina, kila jina likiwa namba ya fungu, kwa taratibu ya kupakia. Yakipita kwa Dalali, JavaScript huyapanga upya majina yanayofanana na namba kamili, dogo likatangulia. Fungu la 417 lililotakiwa kuingia kwanza likajikuta nyuma ya la 52. Ila majina yanayoanza na sifuri, kama 0417, hayakuguswa, hivyo siku nyingine mpangilio ulikuwa mzuri na siku nyingine mbovu, na vijana wa kupakia walishaamua kwamba mfumo una mashetani.

Na kulikuwa na saa. Karani mmoja aliandika kupakia "2:00" akimaanisha saa mbili asubuhi, programu ikampangia dereva saa nane usiku. Sarufi yoyote duniani ingeipitisha.

## Maamuzi

Tulikutana Changamwe, pande zote tatu. Mapendekezo yalikuwa matatu, na la kwanza lilikufa upesi: kuhamia XML, mtindo mwingine wa kuandika data kama maandishi. Aliyelileta alikuwa na hoja, kwa sababu kwenye XML namba ni herufi tu mpaka msomaji aamue vinginevyo, na DO zetu zisingeharibika kimyakimya. Lakini XML ina deni lile lile. XML 1.0 ilipotoka Februari 1998 ilieleza sintaksia. Modeli za kuisoma zilikuja baadaye, tena kwa mikono tofauti: DOM mwezi Oktoba mwaka huo huo, XPath mwaka 1999, Infoset mwaka 2001, na hazikubaliani katika kila kitu. DOM huona sehemu ya CDATA, yaani maandishi yaliyofungwa ili yasisomwe kama alama za XML, kama kitu chenye nafsi yake, XPath huona maandishi ya kawaida. Tungehama nyumba tukabeba ugomvi.

La pili lilitoka kwa fundi wa Dalali, na lilipendwa sana. Alisema tatizo ni kusanifisha sintaksia wakati tulipaswa kusanifisha vitu vyenyewe: tuandike mara moja DO ni nini, Fungu ni nini, Mnunuzi ni nani, kwa maktaba moja ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingine huutumia, kisha wote watatu tuitumie. Jinsi data inavyosafiri iwe siri ya maktaba. Lilijaribiwa kwanza, na ninaeleza kwa kirefu kwa sababu wengi wenye matatizo kama haya hukimbilia hapo.

Maktaba iliandikwa kwa JavaScript. Ghala likataka ya PHP, simu za madereva zikataka nyingine, na tafsiri hizo mbili zikaanza kutofautiana na ya asili kabla hazijakamilika. Hilo lingevumilika. Kubwa lilikuwa kwamba kitu kiitwacho DO ndani ya maktaba kilikuwa DO ya Dalali: mnunuzi mmoja, fungu moja, kutolewa mara moja. Kwa Ghala, DO moja yaweza kutolewa nusu leo na nusu kesho, lori likijaa. Kwa Msafirishaji, DO ni kipande cha safari, na safari moja yaweza kubeba kadhaa. Kila aliyeitumia maktaba alilazimika kuikunja data yake iingie kwenye umbo la mwenzake, na kila Dalali alipogusa umbo lile, wengine wawili walisimama wakisubiri toleo jipya. Ghala likajitoa. Sikulilaumu.

Pendekezo la tatu lilikuwa langu: tubaki na JSON, kila mmoja abaki na vitu vyake ndani kwake, lakini tuandike kanuni zinazojibu swali moja tu. Ni lini hati mbili ni hati moja? 0417 na 417 ni fungu moja? 2640 na 2640.0 ni uzito mmoja? Kipengele kisichokuwepo ni sawa na kilichopo kikiwa tupu? Mafungu yale yale kwa mpangilio mwingine ni hati ile ile?

Ikatoka karatasi ya kurasa mbili. Vitambulisho vyote, yaani namba za DO, za mafungu, na misimbo ya forodha, ni maandishi ndani ya alama za nukuu, hata kama ni tarakimu tupu, na hulinganishwa herufi kwa herufi. Chai kwenye ushuru wa forodha huanza na 0902, na ile sifuri ni sehemu ya msimbo. Uzito ni maandishi ya kilo yenye sehemu moja ya desimali, daima. Mpangilio ukiwa na maana, tumia orodha. Ndani ya kitu chenye majina hauna maana, na anayeutegemea amejitakia. Jina likirudiwa, faili inakataliwa. Uzito usiojulikana hauandikwi kabisa, na sifuri maana yake ni sifuri. Saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, pamoja na tarehe na +03:00 mwishoni.

Pamoja na karatasi tukatengeneza jozi za faili. Kila jozi imewekewa jibu, "sawa" au "si sawa", na programu ya kila kampuni sharti itoe jibu hilo hilo kabla haijaruhusiwa kuunganishwa. DO zinazoishia 0342 na 0346 zilikuwa jozi ya kwanza.

## Matokeo

Kumezana kwa DO kulikoma siku namba zilipotiwa ndani ya nukuu. Mpangilio wa kupakia ulitulia. Kwa Ghala kazi ilikuwa ndogo, Dalali alibadilisha sehemu ya kusoma na kusafisha hifadhidata kwa kuilinganisha na karatasi za mzee, ambazo kwa bahati hakuna aliyekuwa amezitupa.

Kanuni ya kukataa faili ilituumiza. Siku nyingine ya pilikapilika, uzito mmoja uliorudiwa ulizuia faili nzima yenye DO za wanunuzi wengi, na Ghala likarudi kwenye simu na karatasi kwa nusu siku. Tukaibadilisha: inakataliwa DO yenye kasoro, nyingine zinapita, na aliyetuma anaarifiwa papo hapo.

Lahajedwali hazijapona. Ofisi ya Msafirishaji bado hufungua faili kwa kuibofya mara mbili, lahajedwali ikaona 0417 ni namba, ikaila sifuri, mtu akahifadhi. Tumewaandikia hatua za kuingiza safu kama maandishi. Wengine hufuata.

## Uchambuzi

Mvutano huu ni wa zamani kuliko JSON. Wako wanaosema sanifisha sintaksia, yaani herufi zinazosafiri, na kila mtu ajenge ndani kwake apendavyo. Wako wanaosema sanifisha vitu, herufi ni vazi tu. ASN.1, lugha ya kueleza data iliyoanzia kwenye viwango vya simu vya mwaka 1984, ni ya kundi la pili: unaeleza kwanza data ni nini, kisha unachagua kanuni ya kuifunga, na kanuni zenyewe ni kadhaa. Mojawapo, DER, inadai kila thamani iwe na namna moja tu ya kuandikwa, na vyeti vya X.509 vinavyolinda tovuti za benki huifuata, kwa sababu sahihi ya kidijitali haivumilii hati moja yenye sura mbili. Hata huko, walipobanwa na hali halisi, waliishia kwenye swali la usawa.

Kwa makampuni yasiyo na bosi mmoja, naona sintaksia ndiyo inayofaa kuwa mkataba. Baiti unaweza kuzihifadhi, kuzitia sahihi, kuzifungua baada ya miaka, kumwonyesha wakili. Ni baiti ghafi zilizomaliza ugomvi wa Ghala na Dalali. Kitu kilichomo ndani ya kumbukumbu ya programu ya mwenzako huwezi kukiona, sembuse kumdai. Maktaba ya pamoja ilishindwa kwa sababu ilitaka makampuni matatu yawe na mawazo ya kampuni moja kuhusu DO, na tofauti zao hazikutokana na ubishi. Zilitokana na kazi wanazofanya.

Lakini sintaksia bila kanuni ya usawa ni nusu ya makubaliano, na nusu inayokosekana haionekani kwenye majaribio. Namba 1001 ilisomwa vizuri na kila mtu. Majaribio yalipita kwa sababu yalikaa katikati ya njia, mahali ambapo modeli zote tatu zinakubaliana kwa bahati.

Cha kuzingatia zaidi kwenye kumbukumbu zao ni kitu ambacho hakikuharibika. Namba za kontena zilipita mifumo ile ile, na hakuna hata moja iliyopotea. Chini ya ISO 6346 namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na zile kumi zilizotangulia. CSQU3054383 ni mfano: badilisha 8 ya mwishoni iwe 7, na ile 3 haitakubali. Herufi za mbele huzuia programu yoyote kudhani ni namba ya kujumlisha, na tarakimu ya mwisho kwa kawaida hufichua kosa hata kwa msomaji asiyejua lolote kuhusu mizigo. Kiwango hicho kilibeba kanuni yake ya usawa ndani ya herufi zenyewe. DO ilikuwa tarakimu tupu, na mtu aliyeunda hifadhidata ya Ghala akaona safu ya namba inatosha. Kama DO ingeanza na herufi moja tu, nisingeitwa Shimanzi.

Tulipendekeza tarakimu ya uhakiki kwenye DO. Ghala lilikataa, kwa kuwa namba hiyo huchapishwa kwenye karatasi zinazotumiwa na madalali wengine wasiohusika na mpango huu.

Lililobaki wazi ni DO inayotolewa kwa awamu. Sasa kwa kuwa namba ni maandishi, Ghala limeanza kuandika 0344/A na 0344/B kwa nusu mbili za hati moja. Kwa kanuni yetu ya herufi kwa herufi hizo ni DO mbili, na Msafirishaji, anayelipwa kwa kila DO, ameipenda kanuni hiyo sana. Dalali anasema ni moja. Kikao cha robo ijayo kimepangwa kwa ajili hiyo, na mpaka wakati huo Dalali analipa moja na Msafirishaji anadai mbili.